Kiti cha Njano cha Chumba cha Mitambo

Kituoni, kilimani
Jumanne, 4 Februari

Mpwa wangu, Fundi Kioo,

Hujambo wewe, na hajambo mama yako na goti lake? Mimi ni mzima, sijapungua ila nywele, na hizo zilianza kunikimbia kabla ya kazi hii. Mwambie dada yangu kaka yake amefika salama, analala penye godoro, na godoro lenyewe nitalieleza siku nyingine, siyo siku ambayo mtu amekula.

Nakuandikia kwa karatasi kama mzee wa zamani kwa sababu kilima kizima hakuna mtandao. Wameuzima makusudi ili rada isisumbuliwe na simu zetu. Barua atakuwa analeta dereva wa gari la vifaa, linalopanda huku Alhamisi asubuhi na kurudi kwenye karakana yenu jioni. Mpe chai, lakini usimpe mkono. Nimemwona anavyokula machungwa.

Sasa kazi. Wewe unatengeneza nyuzi za faiba, hizo za kioo, lakini mtambo wenyewe hujauona, basi nikuchoree. Siyo lile sahani kubwa linalozunguka kama feni mbovu. Hii ni ubao mpana juu ya paa, umepangwa antena ndogo sitini na nne kama mayai kwenye trei, na haugeuki hata unywele. Kila antena inapata amri yake kwa mwanga unaopita ndani ya faiba. Hii inaambiwa mapema kidogo, ile inacheleweshwa kidogo, na wimbi lote linaelekea kushoto au kulia, bila kitu chochote kusogea. Hivyo ndivyo itakavyotafuta mvua na kuwaambia marubani washuke au wasubiri. Mhandisi alipotueleza, wenzangu walikaa kama wamemeza mawe. Mimi nikamwambia, "Mzee, hiyo ni kwaya tu. Kila mtu aanze pale anapopaswa." Akaniuliza nimesoma wapi. Nikamjibu, "Darasa la saba na miaka ishirini na mbili juu ya nguzo za simu." Akavua miwani. Nikamwongezea ile ya siku nilipopigwa na radi nguzoni, nikashuka nimeungua nyusi, na simu ya mteja inaita. Akaivaa tena, akarudi kwenye michoro yake.

Lakini mpwa wangu, watu wa huku wananitia kinyaa. Msimamizi wetu tunamwita Kamasi, na hilo jina hajasingiziwa. Anavuta pua kila baada ya maneno matatu. Juzi nimemwona kwa macho haya anachukua ncha ya faiba, ile ncha ambayo hata pumzi haitakiwi kuigusa, anaifuta kwa mkono wa shati. Mkono uleule. Nilitoka nje nikashika ukuta. Mezani kuna maganda ya mayai ya mwaka gani sijui. Na nyuma ya kabati, ukutani, kuna kitu kimoja ambacho nikikieleza mama yako hatamaliza chakula chake. Nitashughulika nacho. Unanijua.

Wasalimie wote.

Mjomba wako, bingwa wa kuunga faiba


Karakana
Jumatano, 19 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Sisi hatujambo. Goti la mama limetulia, ila kuicheka barua yako kumemuumiza mbavu. Aliposoma hadi pale pa dereva na machungwa aliweka barua chini, akaenda kunawa mikono yeye.

Nimefurahi kupita kiasi kusikia uko kwenye rada hiyohiyo. Zile nyuzi ni zangu, Mjomba. Wengine walizifunga ncha, lakini kupima nilipima mimi, kila mmoja mara tatu. Sitini na nne, mita arobaini kila mmoja, wa karibu na wa mbali, hauzidi wala haupungui unene wa ukucha. Lebo zote nimeandika kwa mkono wangu, namba na urefu, na sahihi yangu pembeni. Ni kazi ya kwanza ambayo mkuu wa karakana ameniachia jina langu liende nayo. Amesema rada ikiwashwa na ikasema kweli, meza ya upimaji itakuwa yangu. Hapa karakana mwanamke hajawahi kupewa, wala mtu wa umri wangu.

Kwa hiyo nitunzie. Yule Kamasi mwambie kuna karatasi laini za kufutia, nimeweka pakiti sita kwenye sanduku. Na tafadhali usiwaambie watu kwamba ulinifundisha wewe kila kitu. Ulinifundisha kushika koleo. Hiyo inatosha kujivunia.

Mama anasema ule mboga.

Mpwa wako


Kituoni
Jumatano, 26 Februari

Mpwa wangu, mwenye meza,

Shikamoo yako nimeipokea kwa mikono miwili, iliyonawa. Hamjambo? Mimi sijambo, ila nimechoka kwa kazi ya watu kumi, na hiyo kumi sijaongeza, kwa kuwa tuko kumi na mmoja na aliyefanya kazi ni mimi.

Nimekisafisha chumba cha mitambo. Siku nne, mikono hadi kwenye kwapa. Nilitoa maganda, nikatoa soksi moja ambayo kila mtu aliikana, nikatoa panya mama na watoto wake saba wa rangi ya ulimi, wamelala ndani ya lile lidude la nyuma ya kabati nililokataa kukueleza. Hilo nalo limeondoka. Ukuta nimeupaka rangi nyeupe. Waya zote zimeingia kwenye mifereji yake, zimenyooka kama wanafunzi mbele ya mwalimu mkuu, hakuna kinachoning'inia. Ukiingia utadhani ni chumba cha upasuaji.

Kamasi alisimama mlangoni akavuta pua, akasema, "Ulipata wapi nafasi yote hii?" Nikamwambia, "Nafasi ilikuwepo, ilikuwa imekaliwa na uchafu."

Halafu kulikuwa na fremu ya kiti cha chuma, kimetupwa, hakina pa kukalia. Nikakisuka chini na mgongoni kwa kamba za njano zilizobaki kazini. Mpwa wangu, kimekuwa kiti. Kinabonyea kidogo kisha kinakubeba. Kamasi ameshakitaka nikamwambia mpaka akafue suruali. Wanasema akija Mkaguzi kutoka makao makuu ndiye atakayekikalia.

Wiki ijayo tunawasha. Kaa ukisikilizia meza yako. Na pale nilipounga nyuzi nimeunga kwa namna ambayo mashine ya kupimia ikipita haioni kovu. Kuna fundi mmoja duniani anayeweza hiyo, na anakula mboga.

Mjomba wako


Karakana
Jumatano, 19 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Huku mama hajambo. Mimi najikaza.

Nadhani unajua kuliko mimi kilichotokea, maana uko hapohapo. Rada imewaka na inasema uongo. Wanasema ilionyesha mvua juu ya kiwanda cha sabuni huku kiwandani jua linachoma, na mvua yenyewe ikiwa juu ya uwanja wa ndege. Ndege moja ya abiria iliambiwa ishuke kumbe ilikuwa inaelekezwa katikati ya radi. Rubani aliliona wingu kwa macho yake akageuka. Kama kungekuwa na ukungu, leo tungekuwa tunaandika mambo mengine.

Mkaguzi amepima nyuzi zote. Nyuzi kumi na tisa ni fupi, nyingine kwa mita kumi na tano, nyingine kwa mita zaidi ya thelathini. Na zote ni za antena zilizo karibu na chumba. Mkuu aliniita akaniwekea karatasi mbele, sahihi yangu chini ya mita arobaini mara sitini na nne. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ulipima au uliandika tu?" Mjomba, mbele ya watu wote. Kuna mmoja alicheka puani. Nimeondolewa kwenye upimaji, sasa nafagia stoo na kubandika maboksi. Kikao ni Ijumaa ya tarehe nne Aprili. Kikinikuta na hatia natoka, na hakuna karakana nyingine itakayopokea mpimaji aliyeandika vipimo vya uongo.

Nikueleze kwa nini ni kosa kubwa hivyo. Mwanga nao unachukua muda kusafiri. Ukipita uzi mfupi unafika mapema. Ndiyo maana hata antena iliyo mita nane tu kutoka kwenye kabati tunaipa uzi wa mita arobaini, na unaobaki unazungushwa na kutundikwa, ili amri zote zifike kwa pamoja kabla kompyuta haijaanza kupanga nani awahi na nani achelewe. Ule unaozungushwa siyo ziada, ndiyo kazi yenyewe.

Mkaguzi alipopita hapa karakana nilimwambia huenda zimekatwa hukohuko kilimani. Akasema zingekuwa na viungo, na mashine yake haijaona kiungo hata kimoja.

Basi naomba kitu kidogo. Wewe unaingia chumba hicho kila siku. Niangalizie nyuma ya kabati, ukutani. Lazima kuwe na mizunguko ya njano imetundikwa, kila mmoja na lebo yangu. Niambie ipo au haipo. Wewe ndiye mtu pekee ninayemwamini kilimani huko.

Mpwa wako


Karakana
Jumatano, 2 Aprili

Mjomba,

Shikamoo.

Gari limerudi mara mbili bila barua yako. Dereva anasema u mzima, anakuona, unanawa mikono.

Nimezisoma tena barua zako za mwanzo. Kile kiti ulikisuka kwa kamba gani?

Mpwa wako


Kituoni, langoni
Alhamisi, 3 Aprili

Mpwa wangu,

Hujambo. Sikuulizi zaidi ya hapo, sina uso wa kuulizia.

Ni nyuzi zako.

Naandika haraka, gari linaondoka saa kumi na nataka barua hii ifike kabla ya kikao chako, ingawa Mkaguzi mwenyewe yumo garini na kitakachosemwa atakisema yeye. Nataka tu ulisikie kwangu.

Lile lidude la nyuma ya kabati lilikuwa mizunguko yako. Nilipoingia siku ya kwanza niliona manjano yamevimba ukutani, yananing'inia, yana vumbi la mafuta na mavi ya panya, kama matumbo ya ng'ombe buchani mchana wa joto. Nikaziba pua. Nikasema, watu gani hawa, antena ipo juu ya mlango, unaigusa kwa ufagio, wao wanaipa waya wa kuzunguka nyumba. Kwenye simu, uzi ukizidi tunakata. Miaka ishirini na mbili nimekata, hakuna aliyewahi kupiga simu ikamfikia jirani. Nikakata kumi na tisa, nikaziunga. Nikapitisha taa, mwanga ukapita safi. Nikajipongeza. Uliponiandikia mita arobaini, wa karibu na wa mbali, nilidhani unajivuna tu, maana kwetu ni ugonjwa wa ukoo.

Hilo la kukata ni ujinga, na ujinga ninaweza kuubeba. Nisichoweza kubeba ni hizi wiki mbili.

Barua yako ya tarehe kumi na tisa niliisoma nimesimama nyuma ya kabati. Uliniuliza ipo au haipo, nami nikawa nautazama ukuta mweupe nilioupaka mwenyewe. Nikakaa kitini. Nilipokaa ndipo nikagundua nimekalia nini. Jioni dereva akauliza, "Barua?" Nikasema sina. Alhamisi iliyofuata akauliza tena, nikasema sina. Nilikuwa na umri, nilikuwa na chumba cha kulala na jina la bingwa, nikaona afadhali ufagie stoo wewe kuliko Kamasi anicheke mimi. Kila nilipowaza hivyo nilikwenda bombani. Nimemaliza miche mitatu ya sabuni. Nilikuwa namwona Kamasi akifuta ncha kwa mkono wa shati nikigeuza uso, na huku mwenyewe nimejifutia jina lako. Sijawahi kuona uchafu wa kiwango hicho, na nimezibua vyoo.

Leo asubuhi dereva akanipa ile barua yako ya maneno machache. Sikuimaliza mara ya pili. Nikaenda chumba cha mitambo. Mkaguzi alikuwa kwenye kiti cha njano, anaandika taarifa yake ya mwisho, anachokonoa sikio kwa kifuniko cha kalamu kisha anakiuma kwa meno. Kamasi pembeni.

Nikasema, "Mzee, nyuzi nilizikata mimi."

Mkaguzi akamwangalia Kamasi. Kamasi akavuta pua. "Huyu ndiye yule aliyepigwa na radi akashuka na simu inaita."

"Nilikata kumi na tisa, nikaziunga upya."

"Mashine haioni kiungo, baba," Mkaguzi akasema, kwa upole kabisa, kama anaongea na mgonjwa. "Msichana ni ndugu yako, sivyo? Nimeambiwa. Kila mjomba angesema hivyo."

"Haioni kwa sababu niliunga mimi."

Hapo wakacheka wote wawili. Mpwa wangu, maneno yangu yote ya miaka yote, mamba niliyemfunga mdomo kwa waya, mfalme niliyemfungia simu, pipa la kebo nililopanda nalo mlima mgongoni, yote yalikaa chumbani humo yakanicheka pamoja nao. Katika kila nililowahi kujisifia, kitu kimoja tu kilikuwa kweli, kwamba naunga nyuzi zisionekane, na hicho kimoja ndicho kilichokuwa kinakufukuzisha kazi.

Nikamwambia, "Mzee, naomba usimame."

"Nisimame kwa nini?"

"Umekalia urefu unaoutafuta."

Alisimama kwa kuniogopa zaidi kuliko kunielewa. Nikakipindua kiti. Huko chini, upande ambao mtu haoni, lebo zako zilikuwa zote. Sikuzibandua siku ile kwa sababu gundi yake inanata vidoleni kama kitu cha puani, nikaona kinyaa, nikazisukia kwa ndani. Kinyaa hichohicho. Nikaanza kufumua. Ya kwanza ilikuwa namba moja, mita arobaini, sahihi yako. Nikailaza sakafuni, nikamwomba apime yeye kwa futi yake, mkono wangu usiguse. Mita thelathini na moja. Akafungua taarifa yake. Namba moja, pungufu kwa mita thelathini na moja. Nikafumua ya pili. Alipofika ya tano alikitoa kifuniko mdomoni akakiweka mezani. Alipofika ya kumi na tisa kiti kilikuwa fremu, na pua ya Kamasi ilikuwa kimya. Sikuwahi kuisikia kimya.

Jumla mita mia nne na kumi na nane. Sijaongeza hata moja.

Nimeshapewa barua ya kuondoka, wala sikuibishia. Nyuzi zako zimo kwenye gunia nyuma ya gari, na fremu nimebaki nayo mimi hapa langoni, ndiyo nimeikalia, inachoma. Usinijibu mpaka kinyaa chako juu yangu kiishe; dereva atajua nilipo. Kisipoisha, nitaelewa. Mwambie dada yangu mwenyewe, usimwachie asikie kwa dereva.

Mjomba wako, kama bado


Karakana
Alhamisi, 1 Mei

Mjomba,

Shikamoo.

Mama hajambo. Mimi pia.

Nimekaa na barua yako mwezi mzima kwa sababu nilikuwa nikiifungua nashindwa kuendelea. Siyo pale pa kukata. Ungekuwa umeniambia Alhamisi ile ya kwanza ningecheka, ningekukasirikia siku mbili, tukamaliza. Ni pale ulipomwambia dereva huna barua. Nilikuwa nabandika maboksi siku hiyo, nikamwona anashuka garini, nikakimbia na gundi mikononi. Hilo bado linanichukiza, na sitakudanganya kwamba limeisha.

Wamenirudisha. Mkuu aliniomba radhi mbele ya watu walewale, na aliyecheka puani akaangalia viatu vyake. Nimepima nyuzi mpya kumi na tisa, mita arobaini kila mmoja. Safari hii juu ya kila mzunguko nimebandika karatasi nyekundu: "Usikate. Huu ndio urefu wake." Mama anataka niandike na jina lako chini. Nimemwambia tusubiri.

Juzi mvua ilinyesha uwanja wa ndege na rada ikasema uwanja wa ndege.

Kuna jambo lingine. Mkaguzi alivikata vile vipande vyako vya kiungo akaviweka chini ya darubini, akakaa navyo asubuhi nzima, kisha akamuuliza mkuu, "Yule mzee muongo yuko wapi sasa?" Karakana inatafuta mtu wa kuunga. Mtu wa kuunga tu. Kukata nitakata mimi, na yeye atasimama mbali na mkasi. Nimesema nitakuandikia, sikusema nitakuombea.

Ukija, njoo na fremu. Mama amenunua kamba ya katani, anasema atakisuka yeye na utakikalia jikoni ambapo anaweza kukuona. Usije na hadithi yoyote. Hiyo ya mita mia nne na kumi na nane nimeshawasimulia mimi hapa kazini, na hakuna aliyeniamini mpaka nilipowaonyesha lebo.

Mpwa wako, bado